Nimekataa makato ya chama, mbona bado nakatwa?

Swali: Wakili, ninaendesha basi la wilaya ya usafiri, yaani chombo cha umma cha usafiri, hapa California. Niliandikia ofisi ya mishahara iache kunikata ada ya chama cha wafanyakazi, wakanijibu niende chamani. Mkataba wetu wa hali bora, ule wa chama na mwajiri, umeshaisha muda. Wana haki ya kuendelea kukata?

Jibu: Ofisi haikukwepi, ndugu yangu. Tangu 2018 sheria ya California inamtaka mwajiri wa umma amwelekeze chamani kila anayetaka kuacha au kubadili makato. Chama ndicho kinachothibitisha nani ameridhia, naye mwajiri hukata kwa kutegemea uthibitisho huo.

Je, ulisaini fomu ya uanachama? Kama hukusaini, mshahara wako usiguswe. Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua katika kesi ya Janus, 27 Juni 2018, kwamba mfanyakazi wa umma asiye mwanachama hakatwi hata ada ya uwakala, yaani ada ya kuwakilishwa na chama bila kuwa mwanachama, bila ridhaa yake ya wazi. Andikia chama, nakala kwa mwajiri, useme waziwazi kwamba unabisha kuwepo kwa idhini yako. Usiliache neno hilo. Kwa kawaida chama hakilazimiki kumwonyesha mwajiri fomu, ila ukizuka ubishi juu ya kuwepo kwake au masharti yake.

Kama ulisaini, omba nakala uisome. Fomu nyingi huweka kipindi maalumu cha kujitoa kila mwaka, na mwaka 2020, katika kesi ya Belgau, mahakama ya rufaa ya shirikisho inayohusu pia California ilikubali makato yaendelee kwa masharti ya aina hiyo. Kuisha kwa mkataba wa hali bora hakufuti saini yako, isipokuwa fomu yenyewe iseme hivyo.

Mkataba wenyewe ni jambo jingine. Sheria ya kazi ya shirikisho ya 1935 haiwagusi, kwa kuwa wilaya ni chombo cha umma. Mnalindwa na sheria za jimbo. Tena tangu 1964, wilaya inayopokea fedha za shirikisho za usafiri lazima ilinde haki ya majadiliano ya pamoja. Kwa hiyo mazungumzo yakiendelea, mwajiri hawezi kuamka tu akapunguza mishahara.

Ukijitoa, chama bado kina wajibu wa kukuwakilisha kwa haki, lakini kwa kawaida hutapiga kura ya kuupitisha mkataba mpya. Kwa maoni yangu, subiri kura hiyo kwanza.