Muulize Fundi: Kwenye simu maandishi ni sisimizi watupu

SWALI: Habari za kazi fundi. Najifundisha mwenyewe kutengeneza tovuti na nimemaliza ya kwanza, kwenye kompyuta iko poa kabisa ila nikiifungua kwenye simu maandishi yanakuwa kama sisimizi, mpaka uvute kwa vidole ndo usome. Rafiki yangu anasema nitengeneze tovuti ya pili ya simu peke yake, halafu niipime kwenye kila aina ya simu. Hivi ni lazima? – Mwanafunzi wa usiku

JIBU: Mdogo wangu hongera, kumaliza tovuti ya kwanza si mchezo. Ya pili usitengeneze. Tulipita njia hiyo zamani, unabadilisha namba ya simu huku unasahau kule, mteja anapiga namba iliyokufa.

Kinachotokea ni hivi, brauza ya simu usipoiambia kitu inajifanya kompyuta, inachora ukurasa kwa upana wa pikseli kama 980 halafu inaubana wote uingie kwenye kioo. Tabia hiyo ilikuja na iPhone ya 2007, na ilikuwa na maana kwa sababu tovuti karibu zote zilikuwa za kompyuta. Tiba yake ni mstari mmoja tu, kule juu kwenye head, ile sehemu ya faili ambayo msomaji haioni, weka meta ya viewport, yaani mstari wa kuiambia brauza ichore kwa upana gani, yenye maneno width=device-width, initial-scale=1.

Sasa ukishaweka usishtuke ukiona mambo yameharibika zaidi, yaani maandishi yamekua lakini ukurasa unateleza pembeni kama droo iliyolegea. Hapo ndo unauona ugonjwa wenyewe: kuna boksi mahali umelipangia upana wa pikseli 1200 na haliwezi kujikunja. Litafute, lipe upana wa asilimia au max-width, yaani upana lisioruhusiwa kuuzidi. Mwaka 2010 mbunifu wa tovuti Ethan Marcotte aliandika makala iliyoipa kazi hii jina, responsive web design, akataja vitu vitatu, mpangilio unaojivuta, picha zinazojikunja na media query, yaani amri ya kubadilisha mpangilio skrini ikifika upana fulani, na mpaka leo msingi ni huohuo ingawa siku hizi tuna flexbox na grid, njia za kupanga maboksi kwenye ukurasa, za kuturahisishia.

Kuhusu kupima simu zote, huwezi kuzimaliza, mwakani zitatoka nyingine. Fanya hivi: fungua tovuti kwenye kompyuta, tumia ile sehemu ya brauza ya kujaribia skrini, anza na upana wa pikseli 320, halafu vuta ukingo taratibu ukiwa unaangalia. Mistari ikianza kuwa mirefu mpaka jicho linapotea likirudi mwanzo wa mstari, au menyu ikianza kuelea peke yake, simama, hapo ndo pa kuweka media query. Tovuti yenyewe inakuonyesha pa kukata, jina la simu halihusiki. Na uanzie kwenye wembamba kwenda upana, kwa sababu pale pembamba huna nafasi ya kuweka mapambo, inabidi uamue mtu amekuja kutafuta nini kwako. Mwisho shika simu halisi kwa mkono mmoja ujaribu kila batani kwa dole gumba, maana mausi ina ncha, dole gumba halina.

SWALI: Fundi shikamoo. Tulitengenezewa tovuti ya kikundi chetu, baba yangu macho yamepungua nguvu na akijaribu kuikuza kwa vidole haikuzi. Simu yake ni mbovu? – Binti wa mzee

JIBU: Marahaba mwanangu. Simu ya mzee ni nzima, tovuti ndo imefungwa. Aliyewatengenezea inaelekea kwenye meta ya viewport ameweka user-scalable=no au maximum-scale=1, maneno ya kuzuia ukurasa usikuzwe, mwambie aviondoe leo hii, ni kazi ya dakika moja.

Hili linaniuma kwa sababu na mimi nimewahi kulifanya, niliona ukurasa unatulia vizuri usipokuzwa. Siku moja nikamwona mzee mmoja ameinyoosha simu mbali na uso, anapanua vidole viwili juu ya kioo, anarudia, anarudia, halafu akampa mjukuu amsomee meseji iliyokuwa yake binafsi. Tangu siku hiyo sijafunga tena. Mwongozo wa WCAG, ule wa kimataifa wa kufanya tovuti zitumike na watu wote hata wenye ulemavu, unataka maandishi yaweze kukuzwa mpaka asilimia 200 bila kitu kupotea, na rangi ya herufi na ya nyuma yake zitofautiane kwa angalau 4.5 kwa 1, kwahiyo kile kijivu chepesi juu ya nyeupe mnachokipenda vijana mwombe akikoleze pia. Maandishi ya kawaida yaanzie pikseli 16.

SWALI: Nimeweka max-width ya asilimia 100, picha zinaenea vizuri kwenye simu, lakini ukurasa bado unafunguka polepole. Kwanini? – Mpenda picha

JIBU: Kwasababu picha umeipunguza kwa macho tu, uzito wake uko palepale, mwenye simu anashusha picha nzima ya kompyuta na bando lake linaliwa. Tengeneza saizi tatu hivi za kila picha uzitaje kwenye srcset, yaani orodha ya saizi hizo, pamoja na sizes, yaani upana ambao picha itachukua kwenye ukurasa, brauza itachagua yenyewe. Na uandike width na height kwenye kila picha, ili mtu asiwe anataka kubonyeza kitu mara picha inafika, ukurasa unaruka, anajikuta amebonyeza kingine.