Lenzi ina umakini au usahihi?

SWALI: Nafundisha fizikia hapa Kigoma mjini. Nimewaandalia wanafunzi makala kuhusu kuhifadhi data kwa hologramu, na nimeandika: "Umakini wa lenzi kulenga mwanga ndio unaoamua kama data itasomeka." Mwalimu mwenzangu wa Kiswahili amelikataa neno "umakini". Tuamulie.

JIBU: Mwenzako ana haki. Makini ni mwenye utulivu na uangalifu, kwa hiyo umakini ni sifa ya mwenye akili. Mvuvi wa Kibirizi anayekesha akichunga karabai zake ana umakini. Karabai yenyewe haina. Siku hizi tunasikia "mashine yenye umakini mkubwa" hata redioni, na inaniuma, kwa sababu tunapoteza tofauti yenye faida. Fundi akiunganisha kifaa kwa umakini wote, lenzi bado inaweza kukosa usahihi. Usahihi ndio unaopimika.

Na kwenye somo lako hupimwa kweli. Hata katika diski ya Blu-ray, ambayo leza yake ina urefu wa wimbi wa nanomita 405, lenzi ikikosea kwa mikromita moja tu, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita, usomaji unaharibika. Kwenye hologramu, miale miwili ya leza, mmoja ukiwa umebeba data na mwingine ukiwa wa rejea, hukutana ndani ya unene wa kitu kinachorekodi, na ukurasa mzima wa vitone, kila kimoja kikiwa sifuri au moja, huandikwa kwa mkupuo mmoja. Wakati wa kusoma, kila kitone kinapaswa kutua kwenye pikseli yake katika kihisi cha kamera. Fokasi ikihama, nuru ya kitone kimoja huvuja hadi pikseli ya jirani, na sifuri husomwa moja. Hapo umakini wa nani utakaolaumiwa?

Lakini sentensi yako ina kasoro nyingine, ambayo kwangu ni kubwa zaidi. Kitenzi "lenga" huchukua shabaha kuwa yambwa yake: kumlenga ndege, kulilenga goli. Ukisema lenzi "inalenga mwanga", msomaji anaelewa kwamba mwanga ndio shabaha, wakati shabaha ni ule ukurasa wa data. Mwanga unaelekezwa huko. Tumia kauli ya kusababisha, "lengesha": lenzi inaulengesha mwanga kwenye ukurasa. Usije pia ukafupisha na kuandika "usahihi wa lengo"; utaeleweka unazungumzia madhumuni ya somo.

Ningeandika hivi: "Usahihi wa lenzi katika kulengesha mwanga ndio unaoamua kama data itasomeka." Ukitaka kuueleza upungufu wake kwa namba, sema "kosa la kulengesha la mikromita kadhaa".

"Fokasi" usiiogope. Wanafunzi wako wanaijua kama jina la mahali miale inapokutana, na kwa kazi hiyo inatosha. Ninachokataa ni "kufokasi", maana kitenzi chake tunacho.