Sungura wa mwitu wamekwenda wapi? Majibu kwa wasomaji

Nilipohamia Norfolk, Uingereza, kila jioni kingo za mashamba zilijaa sungura. Siku hizi natembea wiki nzima sioni hata mmoja. Majirani wanasema mbweha wamewamaliza. Ni kweli?

Mbweha anasingiziwa. Anawala, ndiyo, lakini amewala tangu Wanormani walipowaleta sungura Uingereza, yapata karne tisa sasa, na hawakuisha. Jike hubeba mimba mwezi mmoja tu, huzaa watoto watatu hadi saba, na anaweza kupandwa tena siku ileile aliyozaa. Meno peke yake hayammalizi mnyama wa namna hiyo.

Kilichowapunguza hasa ni maradhi mawili. La kwanza ni miksomatosi. Juni 1952 daktari Mfaransa, Paul-Félix Armand-Delille, aliwadunga virusi sungura wawili katika eneo lake la Maillebois, akitumaini kwamba ukuta wake ungeuzuia ugonjwa usitoke. Viroboto na mbu, ambao ndio wanaoueneza, hawana habari na ukuta. Mwaka uliofuata ugonjwa ulikuwa umefika Kent, Uingereza, na kufikia 1955 takriban sungura 99 katika kila 100 wa Uingereza walikuwa wamekufa. Waliosalia walizaa kizazi kigumu zaidi, idadi ikapanda tena.

La pili ni ugonjwa wa kuvuja damu, uliotambuliwa China mwaka 1984 na kuwafikia sungura wa mwitu wa Uingereza mwaka 1994. Aina yake ya kwanza iliwaachia watoto: aliyeambukizwa akiwa na wiki chache alipona na kubaki na kinga, naye ndiye aliyejaza shimo upya. Mwaka 2010 ikaonekana Ufaransa aina ya pili, ambayo huua hata mtoto wa wiki mbili au tatu. Hapo ndipo penye tofauti. Shimo linapoteza wazazi na warithi kwa pamoja. Kati ya 1996 na 2018 idadi ya sungura Uskoti ilishuka kwa 83%.

Malisho nayo yamechangia. Mifugo ikiondolewa nyasi hurefuka, na sungura hapendi nyasi zinazomziba macho.

Nimeokota sungura wawili waliokufa bila jeraha lolote. Nitajuaje ni ugonjwa gani, na je, utaniambukiza?

Magonjwa yote mawili hayampati binadamu. Mwenye miksomatosi huvimba kope, hutoka usaha, hupata vinundu masikioni na sehemu za siri, na mara nyingi utamkuta ameduwaa mahali peupe mchana kweupe. Mwenye ugonjwa wa kuvuja damu hufa ghafla akiwa mnene na manyoya safi. Pengine utaona damu puani, pengine usione kitu. Wengi hufia shimoni, ndiyo maana watu hudhani wamehama.

Hatari ni kwa sungura wa nyumbani. Virusi vya ugonjwa wa kuvuja damu hukaa hai kwenye nguo kavu zaidi ya miezi mitatu. Sugua viatu kwa sabuni hadi matope yote yatoke, kisha viloweshe kwa dakika 10 katika jiki sehemu 1 kwa maji sehemu 9. Ukimwaga jiki juu ya matope umepoteza jiki.

Tuna ekari kadhaa za mchanga Breckland, mashariki mwa Uingereza, na sungura wamebaki kona moja tu. Tununue wengine tuwaachie?

Msinunue. Sungura wageni hufa wengi ndani ya siku kumi za kwanza kwa kuwa hawajui pa kukimbilia, na wanaweza kuja na virusi. Fanyeni kazi na hao wa konani.

Huko huko Breckland kuna mradi wa uhifadhi uliojaribu njia mbili, marundo ya matawi na matuta ya udongo. Dalili za sungura zilionekana kwenye 91% ya marundo, lakini mashimo yalichimbwa kwenye 41% tu ya matuta. Basi anzeni na matawi, ambayo pia ni rahisi zaidi.

Laza matawi mazito chini, yakipishana ili zibaki nafasi za kupitisha ngumi, kisha funika kwa membamba yenye miiba. Usishindilie. Rundo lililobanwa ni kuni tu, hakuna sungura atakayeingia. Liwe hatua chache kutoka mashimo yanayotumika, kwenye nyasi fupi, mbali na mti ambao ndege mla nyama anaweza kutua. La pili liweke mbele kidogo ya la kwanza, la tatu mbele ya la pili, ili sungura asogee kutoka kivuli hadi kivuli. Kosa la kawaida ni kurusha rundo moja katikati ya shamba na kungoja.

Nyasi zifupishwe kwanza, kwa kondoo au mashine, kwani sungura wachache hawawezi kuzishusha wenyewe. Kila mwaka ongeza matawi, maana huoza na kudidimia.

Kujua kama inafaa, chora mraba wa mita moja, ondoa kinyesi chote, rudi baada ya wiki nne uhesabu punje. Shimo linalotumika lina udongo mbichi mlangoni; lenye utando wa buibui limehamwa.

Na ongeeni na jirani mapema. Sheria ya mwaka 1954 bado inamtaka mwenye ardhi azuie sungura wake wasiharibu mazao ya wengine.

Si afadhali wamepungua? Wanakula ngano.

Kwa mkulima wa ngano, ni afadhali. Ila baada ya 1955, sungura walipokuwa wachache, nyasi za miteremko zilirefuka, udongo ukapoa, wakatoweka sisimizi wekundu ambao kiota chao humlea kiwavi wa kipepeo mkubwa wa buluu. Kipepeo huyo aliisha Uingereza mwaka 1979, ikabidi mbegu iletwe kutoka Sweden. Hispania, paka-mwitu aitwaye linksi huhitaji karibu sungura mmoja kwa siku. Mwaka 2002 linksi hao hawakufika 100.

Nafuga sungura 40 Nyandarua, na porini wapo wengine. Haya yananihusu?

Yanakuhusu. Sungura wa bandani kwako na yule wa Norfolk ni mnyama mmoja, asili yao Hispania na Ureno. Wa porini kwenu ni mwingine: hachimbi shimo, na watoto wake huzaliwa na manyoya, macho wazi. Lakini aina ya pili ya ugonjwa imewaua jamaa zake Ulaya na Marekani. Nigeria iliupata mwaka 2020, na Afrika Kusini mwaka 2022, ambako uliwapata wa porini pia.

Usikate majani palipoonekana sungura mfu. Usilete nyumbani kitoto cha porini. Sungura mgeni akae banda lake peke yake wiki mbili au zaidi, ahudumiwe wa mwisho. Weka wavu, maana nzi hubeba virusi kutoka kwenye mzoga. Ukiuziwa chanjo, uliza ni ya aina ipi: ya aina ya kwanza haitoshi kwa ya pili, na ya miksomatosi pekee haizuii yoyote kati ya hizo.