Maswali na majibu: Kiswahili nyumbani, Kiingereza shuleni

Shule zimefunguliwa na barua zimekuja kwa mkupuo, nyingi kutoka kwa familia za Wakongo waliohamishiwa Marekani kutoka kambi za wakimbizi za Nyarugusu (Tanzania), Nakivale na Kyangwali (Uganda). Si ajabu. Mwaka wa fedha wa 2023 Marekani ilipokea wakimbizi wapatao 60,000, na zaidi ya 18,000 kati yao walitoka Kongo. Nimechagua barua zinazohusu lugha, zilizofanana nimeziunganisha.

Mwalimu wa binti yangu wa darasa la pili ametuambia tuongee Kiingereza tu nyumbani ili mtoto asichelewe. Mimi na baba yake Kiingereza chetu ni cha kuombea maji. Tufanyeje? – Mama, Louisville, Kentucky

Mama, endeleeni na Kiswahili. Mwalimu ana nia njema, lakini hebu tazama kitakachotokea. Mkiacha lugha mnayoimudu mkashika ya kuombea maji, mtoto atabaki na amri tatu nne: njoo, kula, lala. Hadithi za bibi, mabishano, maswali ya kwa nini mwezi unatufuata tukitembea, vyote vitakufa kwa kukosa maneno. Na mazungumzo hayo ndiyo yanayomfundisha mtoto kueleza sababu, kulinganisha na kufuata habari ndefu. Kiingereza atakipata tu. Yuko nacho shuleni kutwa nzima, uwanjani, kwenye televisheni, na kesho kutwa kwenye simu. Katika familia za wahamiaji nchini humu, lugha inayopotea ni ya nyumbani, na mara nyingi kufikia kizazi cha tatu haipo tena.

Halafu kuna kusoma. Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa, kwa hiyo mtoto aliyeshika ba, be, bi, bo, bu huanza kusoma upesi. Akishaelewa kwamba herufi hubeba sauti na sauti hubeba maana, hatajifunza jambo hilo upya kwa Kiingereza. Atabaki kupambana na vituko vya tahajia yake tu. Jopo la wataalamu la Marekani lililopitia tafiti nyingi, na ripoti yake kutolewa mwaka 2006 chini ya uhariri wa Diane August na Timothy Shanahan, lilikuta kwamba ujuzi wa kusoma katika lugha ya kwanza humsaidia mtoto kusoma Kiingereza. Kwa hiyo someni naye kila jioni, hata kama kitabu cha Kiswahili kilichomo ndani ni Biblia peke yake. Na kama lugha yenu ya ndani ni Kibembe, ongeeni Kibembe bila haya.

Usigombane na mwalimu. Mwulize mada ya wiki ijayo ni nini. Kama ni mimea, mzungumzie binti yako mizizi na majani kwa Kiswahili siku mbili kabla. Ataingia darasani akiwa na jambo lenyewe kichwani, atatafuta jina lake tu.

Jirani yangu anasema elimu ya lugha mbili ilijaribiwa California ikashindwa hadi ikapigwa marufuku. Anasema mtoto atupwe majini ajifunze kuogelea. Ukweli ni upi? – Baba, Fort Worth, Texas

Jirani amekusimulia nusu ya habari. Juni 1998 wapiga kura wa California, takriban asilimia 61, walipitisha Pendekezo 227 lililoletwa na Ron Unz, mfanyabiashara aliyetajirikia kwenye programu za kompyuta. Mtoto asiyejua Kiingereza aliwekwa kwenye darasa maalumu la Kiingereza kwa muda usiozidi, kwa kawaida, mwaka mmoja, kisha akapelekwa darasa la kawaida. Arizona ilifuata mwaka 2000, Massachusetts 2002.

Alama za mitihani za watoto hao zilipanda, na Unz na wenzake wakashangilia. Lakini zilipanda pia kwa watoto waliozaliwa na Kiingereza, ambao sheria hiyo haikuwahusu, kwa sababu miaka ileile jimbo lilikuwa limepunguza idadi ya watoto katika madarasa ya chini na kuleta mitihani mipya. Tathmini ya miaka mitano iliyoagizwa na jimbo ilipokamilika mwaka 2006, haikupata ushahidi wa wazi kwamba njia moja imeishinda nyingine. Mwaka 2016 wapiga kura wa California, zaidi ya asilimia 70, waliondoa marufuku hiyo kwa Pendekezo 58. Sehemu hii majirani huwa hawaisimulii.

Kuhusu utafiti, tafiti nyingi za zamani zina kasoro moja: mzazi anayemchagulia mtoto wake shule ya lugha mbili huenda ni mfuatiliaji kuliko wengine, kwa hiyo hujui kilichomsaidia mtoto ni shule au ni mzazi. Ndiyo maana napenda ule wa Portland, Oregon. Huko nafasi zilikuwa chache kuliko waombaji, zikagawiwa kwa bahati nasibu. Watafiti wakalinganisha waliopata na waliokosa. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2015 yalionyesha kwamba kufikia darasa la nane waliopata nafasi walikuwa mbele katika kusoma Kiingereza kwa kiasi cha miezi tisa ya masomo. Wengi wa watoto hao, lakini, walikuwa wa Kiingereza tangu nyumbani, usilisahau hilo.

Kwa watoto wa wahamiaji hasa, utazame utafiti wa Ilana Umansky na Sean Reardon wa mwaka 2014. Waliwafuatilia wanafunzi wa Kilatino, yaani wa asili ya Amerika ya Kilatini ambao wengi husema Kihispania, katika wilaya kubwa ya shule ya California kwa zaidi ya muongo mmoja. Waliosoma kwa lugha mbili walichelewa kutangazwa kuwa wamekimudu Kiingereza walipokuwa shule ya msingi. Walipofika sekondari waliwapita wale wa Kiingereza kitupu. Ugomvi wote uko hapo: ukipima darasa la tatu, jirani yako ameshinda, ukipima mwisho wa sekondari, ameshindwa. Wanasiasa hawana subira ya kungoja mwisho wa sekondari.

Kwa maoni yangu, lugha mbili zikifundishwa vizuri ndiyo njia bora, ila jina halifundishi. Darasa linaloitwa la lugha mbili, mwalimu wake hana vitabu na hakuna anayefuatilia, ni ghala la watoto. Nenda ukalitazame kabla ya kusaini.

Hayo yote ni ya Kihispania. Sisi Waswahili tutaipata wapi shule ya lugha mbili? – Dada wa Houston

Dada, ni kweli shule za aina hiyo kwa Kiswahili ni adimu mno. Lakini sheria haisemi Kihispania. Texas inasema wilaya ya shule yenye watoto 20 au zaidi wa lugha moja katika ngazi moja ya darasa la shule ya msingi, ambao bado wanajifunza Kiingereza, itoe elimu ya lugha mbili. Illinois huhesabu 20 wa lugha moja katika shule moja. Sasa watoto wetu wanahesabiwaje? Kwa ile fomu ya lugha ya nyumbani unayopewa siku ya kuandikisha mtoto. Na wazazi wetu wengi huandika Kiingereza, wakihofu mtoto ataonekana mjinga au atawekwa na wenye akili nzito! Ukiandika hivyo umemfuta kwenye hesabu. Andika Kiswahili. Kama nyumbani ni Kinyamulenge na mtoto anasoma Kiswahili, taja vyote viwili.

Sikuahidi kwamba darasa litafunguliwa wiki ijayo. Walimu wenye leseni ya kufundisha kwa Kiswahili ni wachache, na wilaya huomba kusamehewa kwa sababu hiyo. Hata hivyo hesabu ikionekana, unaweza kudai msaidizi wa darasa, mkalimani, na barua za shule kwa lugha unayoisoma.

Mpwa wangu ana miaka 16. Nyarugusu alisoma mtaala wa Kongo kwa Kifaransa na Kiswahili, akakosa shule kama miaka miwili. Hapa amewekwa darasa la tisa kwa ajili ya umri. Anakaa kimya siku nzima. – Mjomba, Des Moines, Iowa

Mzee wangu, katika barua zote hii ndiyo imeninyima raha. Mtoto wa miaka sita ana muda. Huyu anasoma baiolojia na historia kwa lugha asiyoijua huku saa inamkimbiza. Mwaka 1974, katika kesi ya Lau dhidi ya Nichols, Mahakama ya Juu ya Marekani ilisikiliza shauri la watoto wa Kichina wa San Francisco, wapatao 1,800, waliokaa madarasani bila msaada wowote wa lugha. Ikasema kuwapa wote vitabu na walimu walewale si usawa ikiwa mtoto haelewi kinachosemwa. Haikuagiza lugha mbili. Iliagiza shule ifanye kitu. Mwaka 1981 mahakama ya rufaa, katika kesi ya Castañeda iliyotoka Texas, ikaongeza kwamba kitu hicho kiwe na msingi wa kitaalamu, kipewe walimu na vifaa, na kionekane kinafaa. Kwa hiyo ukienda shuleni huombi hisani.

Ukifika, omba apimwe hesabu kwa Kifaransa au Kiswahili. Watoto wengi wa kambini wanarudishwa kwenye kujumlisha na kutoa, kumbe aljebra wanaijua, ila hawakuelewa swali. Beba kila karatasi: buletini (ripoti za masomo) za kambini, hata iliyochanika, kwa sababu shule inaweza kumhesabia masomo aliyokwisha kuyafanya. Uliza kama wilaya ina programu ya wageni wapya. Louisville, kwa mfano, ina shule nzima kwa ajili yao.

Na Kifaransa chake ni mali. Maneno magumu ya vitabu vya sayansi na historia vya Kiingereza mengi yana asili ya Kifaransa na Kilatini, kwa hiyo ukurasa unaomtisha Mmarekani unaweza kumwonyesha nyuso anazozijua. Awekwe pia darasa la Kifaransa: atapata alama za lugha ya kigeni, na kila siku kutakuwa na saa moja ambayo yeye ndiye anayejua.

Ukimya wa miezi ya mwanzo ni wa kawaida. Ukiendelea, au akianza kukataa shule, mwone mshauri wa wanafunzi. Na mtu akikwambia umri wake umepita aende elimu ya watu wazima, usikubali kabla ya kuisoma sheria ya jimbo. Majimbo mengi huruhusu sekondari hadi miaka 20 au 21.

Mwanangu anaongea Kiingereza kama aliyezaliwa hapa, lakini bado yuko ESL, masomo ya Kiingereza kwa wasiozaliwa nacho. Ni ubaguzi? – Mama, Portland, Maine

Huenda si ubaguzi. Kiingereza cha uwanjani huja kwa mwaka mmoja au miwili. Kile cha kuandika insha na kufumbua swali la hesabu lenye maneno mengi, mtafiti Kenji Hakuta na wenzake walionyesha mwaka 2000, huchukua miaka minne hadi saba. Omba matokeo ya mtihani wake wa kila mwaka. Yanagawanywa katika kusikiliza, kuongea, kusoma na kuandika, na kwa kawaida kuandika ndiko kunakomshikilia. Unaweza kukataa huduma hiyo kwa maandishi, ingawa atapimwa kila mwaka vilevile. Lakini kama yuko humo mwaka wa saba, na ESL inachukua kipindi chake cha sayansi, hapo una haki ya kukasirika.

Mtoto wangu wa miaka minne anachanganya Kiswahili na Kiingereza kwenye sentensi moja. Ana tatizo? – Baba, Dayton, Ohio

Hana. Hata Nairobi wanafanya hivyo, watu wazima na shahada zao. Akiwa haongei vizuri kwa lugha yoyote, mpeleke apimwe, na apimwe kwa lugha zote mbili.

Kwenye kikao cha wazazi mwanangu ndiye mkalimani wangu. Juzi nimegundua alitafsiri nusu. – Mama, Houston

Alikuachia nusu tamu, nadhani! Mama, shule ina wajibu wa kukupa mkalimani bila malipo, na wajibu huo unatokana na Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964. Amri ya rais ya Machi 2025 iliyofanya Kiingereza lugha rasmi ya nchi imewafanya wengi wadhani wajibu huo umekwisha. Amri hiyo haikuifuta sheria ya 1964. Omba siku kadhaa kabla, kwa maandishi. Na wakikupigia mkalimani kwa simu ukaona Kiswahili chake cha Zanzibar na chako cha Uvira haviendi sawa, sema palepale, waombe mwingine.