Ua la Usambara na sange: barua kwa mwanangu

Mwanangu mpendwa,

Umeniandikia kwamba huko Ujerumani umekuta dukani ua wanaloliita kwa jina la milima yetu, na unauliza mjukuu wangu achore kipi shuleni kilicho cha kwetu zaidi, ua hilo au sange, yule mnyama mdogo wa pua ndefu.

Jina hilo lina sababu. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa mtawala wa Kijerumani Tanga, alimpelekea baba yake ua hilo, na mwaka uliofuata Wendland, mtaalamu wa mimea, akalipa jina la kitaalamu linalotokana na ukoo huo wa Saint Paul. Sange naye, yule wa mgongo mweusi na ubavu wa rangi ya kutu, si wetu peke yetu, maana yuko hata Unguja na Mafia.

Lakini mimi huwaza zaidi ni kipi hutangulia kutoweka. Nimewaambia tangu mkiwa wadogo kwamba ua halina miguu. Mwaka ule tuliopanda iliki kando ya kijito, babu yako alinituma nipunguze miti juu ya jabali, nami nikaiangusha mitatu kwa majivuno ya ujana. Jembe langu lilifumua kiota cha sange. Akapigapiga mkia juu ya majani makavu, akatimua mbio, nami nikacheka. Maua yaliyolifunika jabali yalipigwa na jua, na kabla ya vuli yalikuwa yamesinyaa yote. Sange, au ndugu yake, nilimwona baadaye ng'ambo ya kijito akichokoa wadudu kwa ile pua yake, maua hayakurudi. Babu yako hakunilaumu, alisema tu kwamba iliki imeshika vizuri, na hilo ndilo linaloniuma hadi leo.

Hata hivyo najipinga mwenyewe: lisilo na miguu ndilo lililofika madirishani Ulaya, ilhali sange na mbio zake zote hufika pale tu msitu unapoishia. Ila la dirishani limechanganywa vizazi vingi mno, nami siwezi kulihesabu kuwa lile la jabalini. Unaona ninavyozunguka? Ua halina miguu, narudia, na jibu liko ulimini, lakini picha ni ya mjukuu wangu, basi nanyamaza.

Akichagua ua, achore na jabali lenyewe. Wewe unalijua lilipo.

Baba yako