Kuomba Michango Redioni: Mambo ya Kupanga Kabla ya Kuingia Studio

Kikundi kinaponiomba nikisaidie kuandika ombi la mchango la kusomwa redioni, huanza kwa kukitajia hesabu mbili za zamani kutoka Uingereza. Mwezi Februari 1923, BBC ikiwa na miezi mitatu tu hewani, mwandishi Ian Hay aliwaombea msaada watu waliotaabika kwa baridi na ukosefu wa kazi, zikapatikana pauni 26 na ushee. Siku ya Krismasi ya 1927, ombi la dakika tano kwa ajili ya watoto lilileta zaidi ya pauni 1,100.

Wasikilizaji walikuwa wameongezeka sana, ni kweli, lakini utaratibu nao ulikuwa umewekwa: tangu Januari 1926 kilikuwapo kipindi maalumu, The Week's Good Cause, kilichompa mwombaji mmoja nafasi yake, na baadaye ikaundwa kamati ya kushauri nani apewe. Kwa hiyo iombeni redio siku na saa inayojulikana, msikubali kubanwa katikati ya matangazo ya sabuni.

Ombi ninalolipenda zaidi ni la Krismasi ya 1929, Winston Churchill alipoomba fedha za kuwanunulia vipokea redio watu wasioona. Kila aliyemsikia alikuwa na kifaa hichohicho mbele yake, akajua papo hapo anaombwa nini na mwenzake anakosa nini. Ndiyo maana kikundi kimoja cha akina mama kiliponiletea sentensi ya "kuboresha huduma za afya ya mama na mtoto", niliwasihi waifute, tukaandika kwamba kitanda cha kujifungulia katika zahanati kimevunjika mguu na kimeegemezwa kwa matofali. Simu za kwanza zilizoingia ziliuliza kitanda kipya ni shilingi ngapi.

Dakika tatu zinatosha. Radio 4 Appeal ya BBC, mrithi wa The Week's Good Cause, huchukua takriban hizo. Namba ya malipo isomwe polepole, mara mbili, pamoja na jina litakaloonekana kwenye simu kabla mchangiaji hajaweka namba ya siri, kwani matapeli husikiliza redio kama sisi. Tena, kabla ombi halijaruka, kubalianeni na kituo, kwa maandishi, tarehe ya kurudi katika kipindi hichohicho kusoma kiasi kilichopatikana na risiti za matumizi.