Msasa namba ngapi kwa meza ya mvule?

SWALI: Fundi, shikamoo. Niko Ndeeba hapa Kampala, nimenunua mashine ya msasa ile ya duara, sasa nikipaka vanishi meza ya mvule naona vialama vya mviringo kibao. Nianze na namba ngapi?

JIBU: Marahaba. Hivyo vialama ni vya msasa mkali, uliruka namba (namba ndogo ndo msasa mkali, kubwa ndo laini). Mbao ikitoka vizuri kwenye randa anza na 120 tu, 80 ni ya mbao yenye makovu ya msumeno au vanishi ya zamani, halafu 150, 180, ukipenda 220, basi, ukienda 400 kwenye mbao tupu inateleza mno hata rangi haiingii vizuri. Kila namba ifute alama za iliyotangulia, ndo maana kutoka 80 mpaka 220 moja kwa moja ni kujitesa. Na usiikandamize mashine jamani! Uzito wake unatosha, ipeleke polepole, futa vumbi kabla hujabadili msasa. Mwisho pitisha ile namba ya mwisho kwa mkono ukifuata nyuzi za mbao. 320 ni ya katikati ya koti za vanishi. Halafu maski, vumbi la mvule linawasha pua na ngozi vibaya.